Aliyekuwa wa Mwisho Kumwona Ngolo

Uingereza,
12 Novemba 2023

Guku wangu,

Mwadila. Nakusalimia Kisukuma nisije nikakisahau. Najua ukifungua bahasha hii Mabula atakuwa amesimama pembeni anasubiri umalize umsimulie, kwa hiyo mwambie kwanza kwamba dada yake ni mzima, amenenepa kidogo, na baridi bado haijamuua. Hapa kazini wanasikia nikisema "guku wangu" na wanadhani ndilo jina lako. Nimewaeleza kwamba sisi Wasukuma ndivyo tunavyomwita babu.

Mabula ameniambia masikio yako yamekataa kabisa, kwamba hata spika ya simu ukiwekewa sikioni husikii. Basi tutaandikiana. Yeye atazitoa barua posta Mpanda, na akikosa mtu wa kuja Kibaoni atazileta mwenyewe. Mpunga umeanza kusiwa? Na tembo, mwaka huu wamewaachia kitu?

Guku, kuna jambo limenitokea hapa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi. Kuna bibi mmoja anaitwa Winifred, ana miaka themanini na sita, miguu imeisha lakini akili ni kali. Siku ya kwanza nilipomhudumia alisoma jina langu kwenye beji: P. Masunga. Akanishika mkono. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania, Mpanda, lakini asili yetu ni Shinyanga. Akasema, "Baba yangu aliwahi kumtafuta mtu anaitwa Masunga. Sajini Masunga. Alikuwa na mdogo wake, Ngolo."

Nikamwambia akina Masunga wako wengi Usukumani, na akina Ngolo pia. Lakini huyo Ngolo wa kwetu ambaye huwa humalizi kumtaja, je, si alikufa vitani Bama, hiyo wanayoiita hapa Burma?

Baba yake bibi huyu alikuwa jenerali. Jenerali Hugh Tolcarne. Alianza na uluteni pale Tabora mwaka 1930, kwenye Keya, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kijana asiyejua hata kuomba maji kwa Kiswahili. Bibi anasema alipoondoka Tabora alikuwa anaota kwa Kiswahili. Vita vilipoanza alikwenda na askari wake Uhabeshi, kisha Bukini, ndiyo Madagaska, kisha Bama, na huko alikuwa kanali. Alipewa nishani kubwa kwa kukivusha kikosi kwenye mto wakati Wajapani walikuwa karibu kukimaliza. Toka hapo vyeo vilimfuata vyenyewe, brigedia, meja jenerali, Malaya, ofisi kubwa London. Picha yake ipo kwenye kanisa la mji huu.

Halafu mwaka 1959, akiwa bado na nguvu na wenzake wanasubiri apandishwe tena, akaacha jeshi. Mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda Tanganyika peke yake. Aliporudi, bibi huyu alikwenda kumpokea stesheni, naye alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Baba yake akavua kofia kumbusu. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, kinang'aa. Hakueleza kwa nini, hadi akafa.

Bibi ananiuliza kila siku. Anachotaka kujua ni kama huyo Masunga alimpokea baba yake. Je, ni mtu wetu?

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani.

Mjukuu wako,
Prisila


Kibaoni, Mpimbwe,
20 Desemba 2023

Mchumba wangu Prisila,

Barua yako nimeipata, Mabula aliileta mwenyewe akakaa mpaka akala kuku. Nimefurahi kwamba umenenepa. Hapa sote tuzima ila mimi masikio tu, na hilo wala silioni shida, maana maneno mengi ya siku hizi hayana faida.

Mpunga tumesia. Mvua ilianza vizuri ikasimama, sasa imerudi. Tembo walipita kwa jirani, kwetu hawakufika. Mama yako ana kifua lakini anakwenda shambani, ukimkataza anakasirika. Ng'ombe wawili wamezaa, majike wote. Yule ndama mweusi nimesema ni wako.

Kanisani wamepaka rangi upya. Mchungaji alihamishwa, amekuja mwingine kijana, anahubiri kwa kuruka ruka. Mimi simsikii, lakini namwona.

Kuhusu huyo bibi wako, mtunze vizuri. Mtu mzima ni mtu mzima, awe wa kwao au wa kwetu. Mambo ya baba yake, hayo ni ya kwao.

Vaa nguo nzito.

Guku wako,
Nashon Masunga


Uingereza,
14 Januari 2024

Guku wangu,

Heri ya mwaka mpya. Nashukuru kwa ndama, mwambieni asikue haraka kabla sijamwona. Mama nimemtumia dawa ya kifua kwa mtu anayekuja Mpanda, msimamieni ainywe, asije akampa jirani. Huku kila kitu ni cheupe kwa barafu. Nilianguka mara moja mbele ya duka, watu watatu wakanikimbilia, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Guku, nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniambia habari za mchungaji anayeruka, lakini hukuniambia kama Sajini Masunga ni baba yako. Kama asingekuwa yeye ungesema "si yeye", tungeishia hapo. Nakujua.

Sikuulizi kwa ubishi. Bibi Winifred amedhoofika tangu Krismasi. Daktari anasema moyo. Juzi nilipokuwa namchana nywele akanisimulia jambo lingine kuhusu baba yake. Anasema wageni walikuwa wakija nyumbani kwao, maofisa, watu wa magazeti, wote wakitaka kusikia habari ya ule mto. Kila cheo alichopanda baada ya vita kilitoka kwenye ule mto. Kwenye karamu walikuwa wakisimama kumpigia makofi, na yeye anaangalia sahani. Siku moja mama yao akamwambia, "Hugh, kwa nini hufurahi? Uliokoa watu mia nne." Akajibu, "Wote wananihesabia nilioondoka nao."

Bibi anasema alikuwa baba mpole. Hakuwahi kumpigia mtoto kelele. Lakini kulikuwa na mlango ndani yake ambao haukufunguka, na anaamini alikwenda Tanganyika kuufungua. Hajui kama alifanikiwa. Aliniambia, "Kama huyo mzee alimfukuza, niambie tu alimfukuza. Mimi si mtoto."

Guku, kama unajua na hutaki kusema, basi niandikie kwamba hutaki. Hilo nalo nitampelekea.

Mjukuu wako anayekupenda,
Prisila


Kibaoni,
2 Machi 2024

Prisila, mjukuu wangu,

Salamu nitazifupisha leo. Tuko salama. Mama yako kifua kimepungua, dawa amekunywa, nilikaa naye nikimwangalia.

Barua yako ilikaa Mpanda, Mabula alikuwa safarini Kabungu kununua mahindi. Lakini nisimsingizie Mabula. Ilipofika nayo imekaa hapa kwangu.

Ndiyo, ni baba yangu.

Baba aliingia Keya kwa kutaka mwenyewe. Ngolo, mdogo wake, aliandikishwa kwa sababu chifu alitakiwa kutoa vijana. Wakakutana kikosi kimoja, chini ya huyo Tolcarne. Askari walimwita Bwana Taratibu, maana hakupaza sauti hata kwenye risasi. Baba alimpenda. Hilo lazima ulijue kwanza, ndiyo uelewe yaliyofuata.

Kwenye ule mto Wajapani waliwabana. Kanali akaamuru kuvuka usiku, wanaoweza kutembea wavuke, wenye majeraha makubwa wabaki. Ngolo alikuwa amepigwa tumboni. Baba akaomba ambebe. Kanali akakataa, akasema kelele moja tu na wote wamekwisha. Baba akavuka. Alikuwa sajini, alikuwa na watu nyuma yake.

Aliporudi nyumbani alimwambia mama yake, bibi yetu Mbuke, kwamba Ngolo alipigwa kichwani akafa hapo hapo bila kujua kitu. Bibi aliamini hivyo kwa miaka yote ile. Hakutaka kufanya matanga, alisema hajaonyeshwa kaburi wala hajamwona aliyemfunika.

Halafu mwaka 1960 likaja gari kwetu Shinyanga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimesoma, Kiswahili nakijua. Akashuka mzungu mmoja mrefu, hana sare, hana askari. Baba alikuwa anakamua. Alipomwona alisimama wima, mikono ikajinyoosha yenyewe, maziwa yakamwagika. Halafu akaona haya kwamba amesimama hivyo.

Mzungu akamsalimia, akasema, "Sikuja kwako, sajini. Nimekuja kwa mama wa Ngolo."

Bibi Mbuke hakujua Kiswahili. Baba akakataa kutafsiri. Ikabidi nitafsiri mimi.

Prisila, unauliza kwa nini nilinyamaza. Maneno yale yalitoka kwenye kinywa changu. Nilimwambia bibi yangu, kwa Kisukuma, "Anasema mwanao hakufa hapo hapo. Anasema alikuwa hai. Anasema yeye ndiye aliyeamuru aachwe." Na baba amesimama pale ananisikiliza, uongo wake wa huruma unavuliwa nguo mbele ya mama yake.

Bibi akauliza, "Alisema nini?"

Mzungu akajibu, "Aliniita kwa jina. Sikugeuka."

Bibi akauliza, "Alikuwa na maji?"

"Nilimwachia chupa yangu."

Akaeleza kwamba wengine walipona kwa amri ile, lakini hakusafiri mbali hivyo kuja kusema hilo. Hilo watu wengi walishamwambia. Akasema anaombwa kila mwaka asimulie ule mto na hajawahi kulitaja jina la Ngolo, na alitaka alitaje kwanza mahali panapostahili.

Bibi akaita wanawake, akaagiza wembe. Wakamnyoa yeye, wakatunyoa sisi, ndivyo tunavyofanya mtu wa nyumba akifa. Matanga ya Ngolo yakaanza siku ile. Kabla zamu ya baba haijafika bibi akamnyooshea mzungu kidole, akasema, "Huyu ndiye wa mwisho kumwona mwanangu. Anyolewe." Akamnyoa kwa mkono wake mwenyewe. Yule mtu mkubwa alipiga magoti kwenye vumbi, akainamisha kichwa, akalia bila sauti.

Baba hakunyolewa. Alisema, "Mama, ukimnyoa huyu pamoja na sisi, mimi si wa nyumba hii." Bibi akaendelea kunyoa.

Kabla ya mavuno baba alitoa ng'ombe wake zizini. Tukashuka nao mwaka baada ya mwaka, Nzega, Tabora, Inyonga, mpaka huku Mpimbwe. Watu husema tulifuata malisho. Hawasemi uongo, lakini hayo si yote. Hakurudi tena. Hata habari ya msiba wa mama yake ilipofika, hakwenda. Alikaa zizini siku nzima na mimi sikuthubutu kumfuata.

Sasa mwambie huyo bibi. Mwambie baba yake alipokelewa, na aliyempokea ndiye aliyekuwa na haki ya kumpokea. Mwambie pia kwamba sajini wake alimkataa. Usimfiche hilo, maana baba yangu naye alikuwa mtu na alikuwa na sababu yake.

Nashon


Uingereza,
28 Aprili 2024

Guku wangu mpendwa,

Sijui nianze na salamu gani. Mimi ni mzima. Nasikia mpunga umekubali mwaka huu, Mungu ashukuriwe, na mama amepona kabisa mpaka ameanza kugombana na jirani.

Barua yako ilimkuta Bibi Winifred akiwa bado na nguvu za kukaa. Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, nikavuta kiti, nikamsomea nikitafsiri neno kwa neno. Nilipofika kwenye wembe aliziba mdomo kwa mkono. Nilitaka kusimama. Akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho, na habari ya baba yako nikaisema kama ulivyoniagiza.

Alikaa anaangalia dirisha. Halafu akaniambia, "Maisha yake yote watu walimpigia baba saluti. Nafurahi kulikuwa na mmoja aliyemgeuzia mgongo, na akawa na haki. Ingekuwa wote wamemsamehe, asingeamini."

Baadaye akaniuliza kama Masunga alirudi kumwona mama yake kabla hajafa. Nikasema hapana. Akalia kwa ajili hiyo, guku. Kwa ajili yetu. Alisema, "Baba alikwenda kuweka kitu mahali pake, akaacha pengo jingine, na hakujua." Akaniomba nikuandikie kwamba anaomba radhi kwa pengo hilo.

Tumemzika Jumanne iliyopita. Kanisani mpwa wake alisimama akaisifu familia, akafika kwa jenerali, akasimulia ule mto na watu mia nne na nishani. Kisha akasema bibi ameacha agizo kwamba mimi niseme neno. Nikasema, "Kwenye mto ule alibaki askari wa Tanganyika anaitwa Ngolo, mtoto wa Mbuke. Jenerali alikwenda mwenyewe kumwambia mama yake." Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja kiti cha nyuma alivua miwani. Yule mpwa alinifuata nje, nikadhani ana hasira, akaniomba nimwandikie jina hilo, herufi moja moja, asije akalikosea.

Guku, nina swali na ukitaka usilijibu. Kule Shinyanga wamebaki watu wetu? Tangu nizaliwe sijawahi kuona mtu ametoka kule kuja Kibaoni, wala wa Kibaoni kwenda.

Prisila


Kibaoni,
30 Juni 2024

Mjukuu wangu, mchumba wangu,

Pole kwa msiba. Nakuambia pole kwa sababu ulikuwa kama mtoto wake. Na hapo kanisani ulisema vizuri. Ulisema kidogo, na hicho kidogo kilitosha.

Hukupata jibu mwezi uliopita kwa sababu sikuwepo. Nilikwenda.

Mama yako alipiga kelele, nikaelewa kwa mikono yake, kwamba mzee wa miaka themanini na mbili asiyesikia anakwenda wapi. Nilimwambia simwoni wa kumtuma. Mabula akaniashiria kwamba atanisindikiza. Tukalala kwake Ilembo, pale Mpanda, asubuhi tukapanda treni ya Tabora. Njia nzima nilikuwa naangalia zile nchi tulizopita na ng'ombe nikiwa kijana, na zimejaa watu, hata sikuzitambua. Toka Tabora tukapanda basi, halafu pikipiki, dereva mbele, Mabula nyuma na mimi katikati kama mzigo wa viazi.

Niliogopa, Prisila. Sikukuambia, ila tangu barua yako ya kwanza nilikuwa naogopa. Kwa miaka yote hiyo nilimfuata baba yangu na sikumlaumu, na sasa pia simlaumu. Lakini mimi nilinyolewa siku ile. Wembe wa bibi yangu ulipita kichwani kwangu, kisha nikaondoka na ng'ombe, na sikurudi hata kumsalimia.

Nyumba bado ipo, ila ni ya bati sasa. Akatoka mwanamke mtu mzima anayetembelea fimbo. Ni Helena, mtoto wa shangazi yangu, ambaye nilimwacha binti anayejifunza kutwanga. Mabula akamwambia sisi ni nani. Aliniangalia usoni, akaangalia miguu yangu yenye vumbi, akaangalia tena usoni. Akaingia ndani.

Nikamwambia Mabula, "Twende zetu, hawatutaki." Nikageuka. Mabula akanishika shati.

Helena alitoka amebeba kiti. Akakiweka chini, akakipangusa kwa khanga yake, akaninyooshea mkono nikae. Wakaja watu wa nyumba, wakubwa na wadogo, wakakaa chini wamenizunguka. Wakaniletea maji ya kunawa, wakaniletea chakula. Walikuwa wamekaa kimya. Mwanzoni nilidhani ni masikio yangu, nikamwuliza Mabula wanasema nini. Akaniandikia kwenye simu kwa maandishi makubwa: "Hawasemi kitu, guku."

Baada ya chakula Helena aliongea na Mabula, na Mabula akaniandikia. Bibi Mbuke alipokuwa anakaribia kufa aliwaita wote, akawaagiza: "Siku Masunga akija, msimuulize alikuwa wapi wala kwa nini. Mpeni kiti." Walisubiri, na Masunga hakuja. Mama wa Helena akamwachia Helena agizo lile, na Helena akawafundisha watoto wake. Wamekaa nalo miaka yote hiyo, na mtu wa kumpa kiti hakutokea, mpaka nimetokea mimi.

Kesho yake walinipeleka kaburini. Sitakuandikia hilo, utaliona mwenyewe ukija, nitakupeleka.

Lakini jioni ile ya kwanza, mjukuu wangu, nilikaa kwenye kile kiti na nyumba yote inaniangalia kwa upole, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu. Nikasubiri waulize. Hawakuuliza. Basi nikaanza kusema mwenyewe.

Guku wako,
Nashon